Saratani ya damu si lazima iwe sanda

Wengi bado huamini kuwa mwenye saratani ya damu ni wa kuandaliwa sanda tu. Kwa lukemia sugu ya mailoidi, aina mojawapo ya saratani hiyo, imani hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 1998 daktari Brian Druker wa Portland, Oregon, Marekani, alianza kuwajaribia wagonjwa dawa iitwayo imatinibu. Marekani ikaiidhinisha 2001. Ugonjwa huu huanza hivi: kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) namba 9 na 22 zikibadilishana vipande, huzaliwa kimeng'enya kinachochochea seli nyeupe za damu zizaliane ovyo. Dawa hii hukizima. Katika hatua ya mwanzo ya ugonjwa, mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, maana tumbo tupu huleta kichefuchefu. Kosa baya ni kuacha vidonge mwenyewe kwa kuwa hesabu ya damu imetulia: seli zilizojificha hurudi, na ni kipimo cha PCR, kinachosaka alama za urithi za seli hizo katika damu, kila miezi 3, kinachoziona mapema.