Riwaya zenye mambo mazito mashuleni: tusiulize kitabu tu, tuulize kinafundishwaje

Wazazi wengi wanatuuliza hivi ni sawa kweli mtoto wa kidato cha tatu kusomeshwa habari za kubakwa, kutoa mimba na kujiua? Jibu langu huwa linawashangaza kidogo, maana mimi kitabu chenyewe hakinitishi sana, kinachonitisha ni zile dakika 40 za kipindi.

Chukua Rosa Mistika, riwaya ya Mtanzania Kezilahabi. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye hiyohiyo ikarudi ikawa inasomwa sekondari. Na ni nzito jamani, baba mlevi anampiga binti yake kisa barua ya mvulana, binti anakua kwa woga, akitoka mbali na nyumbani hajui hata ajilinde vipi, mwisho anajiua. Ila ukiisoma yote unaona mwandishi hakuweka hayo ili kumsisimua mtu, kila balaa lina chanzo chake. Kenya nao walitahini riwaya ya Chozi la Heri, ambayo ina vurugu za baada ya uchaguzi na mabinti wanabakwa.

Sasa njoo darasani. Ubaoni "Dhamira", chini yake ulevi, malezi mabaya, ubakaji, watoto wanakopi notsi, kengele imelia, twende hesabu. Yaani kubakwa kumekuwa hoja namba tatu ya mtihani! Na kwenye darasa la watoto 60 mwalimu achukulie tu kwamba yupo ambaye hayo kayaona nyumbani kwao. Kuna walimu wanamsimamisha binti asome kwa sauti ile sehemu huku wavulana wanacheka, hiyo tafadhali acheni kabisa.

Na kuruka kurasa hakusaidii. Ukisema huu tunauruka, ujue usiku bwenini ndo utasomwa kuliko zote, na hakuna mtu mzima wa kuulizwa.

Mwalimu awaambie mapema wiki ijayo tunafika sehemu ngumu, anayetaka kuisoma peke yake ruksa, darasani mwalimu mwenyewe ndiye asome kwa sauti ya kawaida, halafu aulize nani angeweza kumsaidia huyu binti na kwa nini hakusaidia. Hapo watoto wanaongea mpaka unashangaa. Baada ya kipindi asikimbilie ofisini, akae kidogo, maana kuna mtoto atajifanya amesahau daftari ili apate kuongea naye.

Simaanishi kila kitabu kipite. Kinachoeleza njia ya kujiua hatua kwa hatua, au kinachomfanya mbakaji aonekane mjanja, hicho sikitetei hata kwa kidato cha sita. Na wa kidato cha kwanza, miaka 13 au 14, wasubiri kidogo.

Mzazi, kabla hujaenda kugombana na mkuu wa shule kwa sababu ya ukurasa mmoja uliorushwa kwenye grupu la WhatsApp, kisome chote kwanza, ikiwezekana na mwanao. Akikuambia kitu kinachofanana na kilichomo kitabuni usimkaripie, nenda naye kwa mwalimu wa malezi, au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya namba ni hiyohiyo na ni bure.