Tundu la ushanga ni pumzi ya fundi: kazi ya vioo Venice na Murano

Mwaka 1291 Baraza Kuu la Venice liliamuru matanuri ya vioo yaondolewe mjini na kupelekwa kisiwa cha Murano, ng'ambo kidogo ya maji. Nyumba nyingi mjini zilikuwa za mbao, na watu waliogopa moto. Kuwaweka mafundi kisiwani kulikuwa na faida nyingine pia: siri zao zililindika. Fundi wa Murano alikatazwa kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Wapo waliotoroka hata hivyo. Katika miaka ya 1660 Ufaransa iliwavuta baadhi yao kwa fedha, wakaitengenezee vioo vya kujitazamia.

Siri yenyewe ilianzia kwenye majivu. Kokoto nyeupe za mto Ticino zilisagwa, zikachanganywa na majivu ya mimea ya ardhi yenye chumvi kutoka Syria na Misri. Majivu hayo yana soda, ndugu ya magadi tunayoyajua, nayo huufanya unga wa kokoto uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Katikati ya karne ya 15 fundi wa Murano, Angelo Barovier, alifanikiwa kutoa kioo kisicho na rangi, cheupe kama maji, kilichoitwa cristallo.

Mimi hasa huvutiwa na shanga. Wageni wanaozitazama kabatini hudhani kila moja ilitobolewa peke yake. Sivyo. Fundi alipuliza uwazi ndani ya donge la kioo laini, mwenzake akalinasa upande wa pili kwa fimbo ya chuma, kisha wakaachana mbio, huyu huku na yule kule. Donge likavutika kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita, na ule uwazi ukabaki katikati mwote. Tundu tunalopitishia uzi leo ni pumzi ya fundi yule. Mrija ulikatwa vipande vidogo, matundu yakajazwa unga yasizibe, kisha vipande vikazungushwa juu ya moto mpaka ncha kali zikaviringika.

Hapo kazi ilivuka maji na kurudi Venice, mikononi mwa wanawake watunga shanga walioitwa impiraresse. Walikaa nje ya nyumba zao, hasa mtaa wa Castello, kila mmoja na chombo cha mbao mapajani kilichojaa shanga. Mkononi alishika sindano ndefu nyingi zilizotandazwa kama upepeo, akizichota shanga mpaka sindano zote zijae. Walilipwa kwa kiasi walichotunga, na malipo yalikuwa duni. Majina ya mafundi wa tanuri yameandikwa vitabuni. Ya wanawake hawa ni machache mno, na hilo linaniuma.

Karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Unguja kwa wingi, zikapelekwa bara na misafara ya Tabora na Ujiji. Zilihesabiwa kwa kete, yaani uzi mmoja wa shanga zilizotungwa, na kete kumi zilifanya fundo moja. Kila nchi ilitaka rangi yake, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mizigo isiyonunuliwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kwamba iliyopendwa kuliko zote ni samesame, nyekundu kama marijani. Watu waliipa jina la pili, kimara-pamba, yaani kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili aipate.