"Mgonjwa Hasikii Harufu": Neno Dogo Linalorudisha Hati

Miezi ya karibuni dawati letu la uhakiki wa tafsiri limepokea malalamiko mengi ya wananchi waliorudishiwa hati, hasa ripoti za hospitali na lebo za bidhaa. Wengi wanaona tunawasumbua kwa neno moja tu. Naomba nilieleze neno lenyewe, "smell" la Kiingereza.

Ripoti ikisema "mgonjwa hasikii harufu", mara kwa mara tunaletewa "the patient does not smell". Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mgonjwa hanuki. Kitenzi "smell" kimebeba kunusa, kusikia harufu, kunuka na kunukia pamoja, na kikimweleza mtu au kitu bila kivumishi, huelekea kwenye uvundo. Sisi tunazo -nuka na -nukia. Kiingereza hutegemea neno linalofuata: "smells good", "smells bad". Si "smells well", tafadhali. Na kwamba "nasikia harufu ya gesi" haihusiani na "hear", sidhani kama nahitaji kueleza.

Kwa mgonjwa wetu, andika "has lost her sense of smell" ikiwa uwezo umepotea, au "has a reduced sense of smell" ikiwa umepungua. "Anosmia" (kupotea) na "hyposmia" (kupungua) ni maneno ya kitabibu ya hali hizo. Yaandikwe pale tu daktari alipoyakusudia. Anayesikia harufu ya moshi mahali pasipo na moshi ana "phantosmia". Ambaye kahawa nzuri inanuka puani mwake kama kitu kilichooza ana "parosmia". Kuwaandikia wote "loss of smell" ni kumpotosha daktari atakayewatibu, na hilo hatuwezi kuligongea muhuri.

Ipo pia dhana, sijui nani aliieneza, kwamba "odour" ni "smell" ya kisomi. Sivyo. Katika lugha ya kila siku "odour" huelekea kwenye harufu mbaya; ni katika maandishi ya kisayansi ambako halina upande, ndiyo maana gesi isiyo na harufu huitwa "odourless". Harufu tamu ya chakula ni "aroma". Ya maua na manukato ni "fragrance" au "scent".

Kwenye lebo, "haina manukato" ni "fragrance-free". Msiandike "unscented": bidhaa ya namna hiyo inaweza kuwa na viambato vya kuficha harufu, na mtu ambaye ngozi yake hudhurika kwa manukato anaamini alichosoma.

Hati ikirudishwa, usifute kwa wino mweupe. Likate neno kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, andika sahihisho pembeni, kisha mfasiri mwenyewe, si mwenye hati, aweke saini na tarehe. Ilete pamoja na hati ya asili, kurasa zote, hata zile zisizo na kosa. Ikirudishwa mara ya pili, tafsiri huandikwa upya yote na ada hulipwa upya. Kubadilisha neno baada ya muhuri, hata kama badiliko ni sahihi, hubatilisha uthibitisho, na mhusika anaweza kushtakiwa kwa kughushi. Mfasiri mwenye shaka aje aulize kabla ya muhuri. Kuuliza hakutozwi ada.