Kugawa mtandao wa ofisi kwa idara: VLAN peke yake haitoshi

Katika ofisi nyingi tunazoitwa kukagua, kompyuta ya mhasibu, printa ya mapokezi, kamera za ulinzi na simu ya mgeni vyote viko kwenye mtandao mmoja. Kazi zinaenda, hakuna anayelalamika, hadi siku kompyuta moja inapoingiliwa. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa kwa njia hiyo hiyo: ikishaingia kwenye kompyuta moja ya Windows, ilizisaka yenyewe nyingine zenye udhaifu kupitia poti (mlango wa mawasiliano wa kompyuta) namba 445, inayotumika kushirikiana mafaili, bila mtu kubofya chochote.

Kinga yake ni kugawa mtandao, na huhitaji kununua swichi mpya (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa nyaya) kwa kila idara. Swichi inayokubali kusetiwa hukuwezesha kuunda VLAN, yaani mitandao kadhaa iliyotenganishwa ingawa inatumia vifaa na nyaya zilezile. Kwa utaratibu wa IEEE 802.1Q, data inayopita kati ya swichi na swichi huongezewa baiti 4 zenye namba ya VLAN. Namba zinazotumika ni 4,094, hivyo hazitakuishia.

Tunapendekeza namba ya VLAN ilingane na sehemu ya tatu ya anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Uhasibu wakiwa VLAN 10 wapewe 192.168.10.0/24, rasilimali watu 192.168.20.0/24, mauzo 30, printa 40, kamera 50, wageni 90. Kila kipande cha /24 kina anwani 254 za kugawa. Fundi akiona 192.168.20.57 kwenye kumbukumbu za ruta (kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao), anajua papo hapo aanzie idara gani.

Wengi hukwama baada ya hapo. Mauzo wanashindwa kuchapisha, fundi anawasha njia kati ya VLAN kwenye ruta, printa inafanya kazi, na suala linaishia hapo. Lakini ruta nyingi, zikiachwa hivyo bila masharti, hupitisha kila kitu kutoka kila upande. Ni nyumba yenye vyumba vingi na milango yote wazi.

Kwa hiyo zuia vyote kwanza, ndipo uruhusu kimoja kimoja. Kaa na wakuu wa idara, andikeni nani anahitaji kufika wapi na kwa kazi gani, kabla hujagusa kifaa chochote. Mauzo wafike kwenye printa kwa poti ya uchapishaji tu, ambayo mara nyingi ni 9100. Printa yenyewe haina sababu ya kuanzisha mawasiliano na kompyuta ya uhasibu. Kamera zifike kwenye kifaa cha kurekodi, basi. Wageni wapate intaneti, na ukurasa wa kusimamia ruta usiwafungukie kabisa.

Msidharau vifaa na watu wa pembeni. Mwaka 2013 wavamizi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target, Marekani, kwa nywila za mkandarasi wa mitambo ya ubaridi, wakafika hadi mashine za malipo na kuchukua taarifa za kadi zipatazo milioni 40.

Matundu ya swichi yasiyotumika yazimwe, na msiache vifaa kwenye VLAN 1, ambayo swichi nyingi huja nayo kiwandani. Kisha jaribuni: unganisha kompyuta kwenye Wi-Fi ya wageni, ujaribu kufungua seva ya uhasibu na ukurasa wa ruta. Kimoja kikifunguka, rudini kwenye masharti ya ruta. Jaribio hili lirudiwe kila masharti hayo yanapobadilishwa, hata kama ni kwa ajili ya printa moja mpya.