Shule na skuli: neno moja, njia mbili

Mwandishi wa Dar es Salaam huandika shule na wa Unguja huandika skuli, ilhali wanataja kitu kilekile. Tofauti hiyo haikuzuka ndani ya Kiswahili, bali imetoka katika lugha mbili za Kigermaniki (jamii moja ya lugha za Ulaya), Kijerumani na Kiingereza, ambazo kila moja ililibadili neno hilo kwa namna yake kabla halijafika kwetu.

Asili yake, hata hivyo, ni Kigiriki. Skholē lilimaanisha wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi, na kwa kuwa wenye wasaa waliutumia kwa mijadala na elimu, neno likahamia kwenye mijadala yenyewe, kisha kwenye mahali pa kusomea (mwanafunzi aliye katikati ya mitihani ana haki ya kushangaa). Warumi walilichukua kwa umbo la schola, na Kanisa, lililofundisha kwa Kilatini, likalieneza kaskazini mwa Ulaya. Kwa hiyo si urithi wa lugha ya kale iliyozizaa lugha zote za Kigermaniki, kama yalivyo Haus ya Kijerumani na house ya Kiingereza; ni mkopo, lakini wa zamani kiasi cha kupitia mabadiliko ya sauti pamoja na maneno ya wenyeji.

Kijerumani ndicho kinachoyaonyesha waziwazi. Kijerumani cha Juu cha Kale, umbo la zamani la Kijerumani, kilikuwa na scuola, ambamo o ndefu imekwisha kugeuka uo. Baadaye sk ikalainika kuwa sh, uo ikawa u ndefu, na umbo la leo likawa Schule. Katika Kiingereza cha Kale, sc kwa kawaida iligeuka sh, kama scip ilivyokuwa ship, lakini scōl imebaki na sk yake, jambo ambalo aghalabu huelezwa kuwa athari ya Kilatini cha wasomi. Waswidi husema skola, Wadenmaki skole, Waaisilandi skóli. Katika Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya iliyo jamaa ya Kijerumani, shul ni sinagogi, mahali pa kusali na pa kusoma pia.

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na katika miaka hiyohiyo ya 1890 serikali ya Wajerumani ilikuwa ikifungua shule zake bara, ya Tanga ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Schule lilikuwa tayari na irabu mwishoni, likaingia bila taabu. School likaongezewa i. Kiswahili sanifu kimelikubali zaidi shule, hata Kenya iliyotawaliwa na Waingereza, ila Zanzibar skuli imebaki hadi katika majina rasmi ya shule zenyewe.