Flashi ikigoma kuandika: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Flashi ikishaleta ule ujumbe kwamba imezuiwa kuandikwa, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "ifomati tu". Jamani hapana! Kufomati nako ni kuandika, sasa kama imegoma kuandika itagoma na kufomatiwa, na ikitokea imekubali ndo umeshapoteza vitu ambavyo dakika moja nyuma ulikuwa unavifungua vizuri kabisa. Kizuizi hiki hakizuii kusoma. Kopi mafaili yako kwanza uweke kwenye kompyuta, mengine baadae.

"Hiyo ni virusi." Mara nyingi siyo. Icheki ubavuni kwanza, kuna flashi zina kaswichi kadogo ka kufunga, na zile kadi kubwa za SD za kamera karibu zote wanakaweka, kakisogea tu wakati unaichomeka basi haiandiki.

Halafu kuna wanaosema flashi yoyote iliyojifunga haijafungwa kweli, kuna faili tu limezidi au mfumo haukubali. Hapa kuna ukweli nusu: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (FAT32 na NTFS ni mipangilio ya kuhifadhi mafaili kwenye flashi) haipokei faili moja la GB 4 na kuendelea, na Mac inasoma flashi ya NTFS ila yenyewe kama ilivyo haiiandiki, lakini hapo flashi ni nzima: ya FAT32 itapokea mafaili madogo, na ya NTFS kwenye Windows itaandika kama kawaida.

Linaloniuma zaidi ni hili la kwamba diskpart (programu ya Windows ya kusimamia diski kwa kuandika komandi) inatibu kila kitu. Komandi ya attributes disk clear readonly inaondoa alama iliyowekwa na Windows, basi, haigusi zaidi ya hapo (na ukiona maelekezo yanakwambia uandike clean, hiyo inafuta diski, tena ukichagua namba ya diski siyo unafuta ya kompyuta). Chipu za flashi zinachoka, kila kipande cha memori kina idadi yake ya kufutwa na kuandikwa, vikifa vingi kidhibiti cha ndani kinafunga kuandika ili vilivyobaki visipotee. Komandi itakwambia imefanikiwa, ukichomoa na kurudisha hali ni ileile, na kwenye kompyuta nyingine pia ileile. Hiyo imechoka, usimpe mtu hela akuuzie programu ya kuifungua, toa vitu vyako mapema wakati bado inasoma.