Mkanda umesimama, begi halijatoka

Nilikaa kaunta ya mizigo miaka tisa kabla ya kuhamia kwenye kuuza tiketi, na sura ya abiria ambaye mkanda umesimama na begi lake halijatoka naijua hata kwa mbali. Kwanza anakodolea macho lile tundu lenye vipande vya mpira. Kisha anayakagua mabegi ya wenzake, pengine mtu kachukua lake. Halafu anampigia simu ndugu anayemsubiri nje, anasonya, anatoka. Hapo ndipo anapojikoroga.

Usitoke. Kabla ya kupita forodha, nenda kaunta ya mizigo uandikishe ripoti, ile wanayoiita PIR, hata kama umechoka na hata kama wakikuambia "litakuja kesho tu". Ripoti hiyo ina namba yake: herufi tatu za uwanja (Dar ni DAR, Nairobi ni NBO), herufi mbili za shirika, halafu tarakimu tano. Bila namba hiyo wewe ni mtu mwenye malalamiko. Ukiwa nayo, una faili. Na kile kibandiko kidogo chenye tarakimu kumi ulichopewa ulipokabidhi mzigo ndicho cheti cha kuzaliwa cha begi lako. Watu hukitupa pamoja na maganda ya pipi.

Mteja wangu mmoja, mama wa Tandika, alisafiri kwenda Columbus, Ohio, binti yake alikuwa amejifungua. Mabegi mawili, vitenge na unga wa ulezi. Dar akaambiwa mizigo itafika hadi mwisho, na kweli vibandiko viliandikwa CMH, yaani Columbus. Alipotua Chicago akayapita mabegi yake yakizunguka mkandani, akaenda zake kutafuta ndege ya pili.

Usiku ule akanipigia. "Mwanangu, mabegi yangu hayapo, na we ulinambia yanafika yenyewe."

Nilikosea mimi. Marekani, kwa kawaida, uwanja wa kwanza unaoingilia nchini ndipo unapochukua mzigo wako, unaupitisha forodha, kisha unaukabidhi upya, hata kama kibandiko kinaonyesha mji wa mbele. Ulipobadilisha ndege Mashariki ya Kati mabegi hukuyagusa, kwa hiyo unadhani Chicago ni vilevile. Bahati yake, vibandiko alikuwa amevihifadhi ndani ya pasipoti. Siku ya tatu mabegi yakaletwa mlangoni.

Yangepotea kabisa? Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, makubaliano ya nchi nyingi kuhusu fidia kwa abiria wa ndege, na Tanzania na Kenya zimo. Begi likifika limevunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likiwa halijaonekana siku 21 baada ya siku lililopaswa kufika, una haki ya kudai kama lililopotea. Mahakamani mwisho ni miaka miwili. Kikomo cha fidia, tangu 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 hivi. Lakini hicho ni kikomo, si bei ya begi. Wanalipa unachoweza kukithibitisha, kwa hiyo ukilazimika kununua nguo na mswaki ukisubiri, tunza risiti, na usinunue suti ya harusi. (Wapo walionunua.)

Maafa makubwa zaidi lakini hayaanzii kwenye mkanda, yanaanzia kwenye bei. Mtu anaona tiketi ya Dar hadi Ulaya ni nafuu, nyingine ya Ulaya hadi Canada ni nafuu, anazinunua mbalimbali na kujiona mjanja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui: hukutokea, tiketi imekufa. Zikiwa kwenye tiketi moja, kukufikisha ni mzigo wao na watakutafutia ndege nyingine. Tena kwa tiketi mbili mara nyingi inabidi utoke uchukue begi na ulikabidhi upya, na kutoka maana yake kupita uhamiaji. Mwenye pasipoti ya Tanzania bila viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, atapitaje? Wengi hata hawafiki huko, wanarudishwa kaunta ya Dar asubuhi hiyohiyo, shangazi zao bado wanapunga mikono.

Ukiondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya 2004 iko upande wako: kwa safari inayozidi kilomita 3,500, ukifika umechelewa saa nne au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, fidia ni euro 600. Dhoruba haihesabiki. Ukitokea Dar kwenda Ulaya inakuhusu tu kama shirika ni la Ulaya.

Mimi mwenyewe nikisafiri, dawa, chaja, nguo ya kubadili na nyaraka zote huwa mkobani, na begi kubwa nalipiga picha, nje na ndani, kabla ya kulifunga.

Mama wa Tandika amerudi Ohio mwaka huu. Alfajiri ya safari simu yangu ilijaa picha: mabegi mbele, mabegi nyuma, vitenge vikihesabika, na la bluu limefungwa utepe mwekundu mshikioni. Chini yake kaandika: "Chicago nashuka nalo."